Kuacha Ngano Jikoni: Nani Anapaswa, na Ugumu Uko Wapi

Kwenye rafu za maduka makubwa ya Nairobi, Dar es Salaam na Mombasa sasa kuna unga, biskuti na tambi zilizoandikwa kwamba hazina gluteni, na bei yake ni mara kadhaa ya bei ya bidhaa za kawaida zilizo kando yake. Maandishi hayohayo hubandikwa hata kwenye pakiti za mchele na njugu, vyakula ambavyo kwa asili yake havina gluteni. Simu za watu nazo zimejaa ushauri: acha ngano kitambi kiishe, acha ngano sukari ishuke, acha ngano ngozi itakate. Wasomaji wamechanganyikiwa, na wana haki ya kuchanganyikiwa. Wapo wanaodhani gluteni ni aina ya sukari. Wapo wanaodhani ni jina jingine la wanga, hivyo wameacha hata ugali na muhogo. Na wapo wagonjwa wa kweli, walioambiwa na daktari waache ngano maisha yao yote, ambao hawajui pa kuanzia kwa sababu karibu kila wanachokisoma kimeandikwa kwa ajili ya mpishi wa London ambaye duka la unga maalumu liko mtaani kwake.

Hoja ya makala haya ni kwamba kuacha gluteni ni matibabu, na matibabu huwa na mgonjwa wake. Kwa mgonjwa huyo, jiko la Afrika Mashariki, na hasa la pwani, lina karibu kila anachohitaji, mikate ikiwemo. Wengi wanadhani kazi ngumu ni kupata mkate ulioumuka bila ngano. Kazi ngumu zaidi iko mashineni unga unakosagwa, iko karaini kwenye mafuta yaliyokwisha kukaanga maandazi, na iko katika ile haraka ya kuacha ngano kabla ya kupimwa.

Gluteni na watu inaowadhuru

Gluteni ni mkusanyiko wa protini zilizo ndani ya punje ya ngano. Shayiri na rai zina protini za jamii hiyohiyo. Katika ngano zipo za aina mbili kubwa, gliadini na glutenini. Unga ukiwa mkavu protini hizi zimetulia. Ukitiwa maji na kukandwa, zinashikana na kuwa utando unaovutika. Utando huo ndio unaoifanya chapati isukumike mpaka iwe nyembamba bila kuchanika, na ndio unaonasa hewa ya hamira ili andazi litutumke karaini. Mahindi, mchele, mtama, ulezi, uwele, muhogo, viazi, ndizi, dengu na kunde havina gluteni hii. Wanga vinao tele, lakini wanga ni kitu kingine kabisa, na anayeacha gluteni hana sababu ya kuukimbia.

Watu wanaolalamikia ngano wako wa makundi matatu, na mkanganyiko mwingi hutokana na kuyachanganya. Kundi la kwanza ni wenye ugonjwa wa siliaki. Kwao, gluteni huichochea kinga ya mwili ishambulie ukuta wa utumbo mwembamba na kuvilaza vijidole vinavyofyonza chakula. Mgonjwa huweza kuharisha kwa muda mrefu, tumbo likajaa gesi, damu ikapungua na isiongezeke hata akimeza vidonge vya madini ya chuma. Mtoto hudumaa, mtu mzima mifupa hudhoofika, na wengine hawana dalili yoyote ya tumbo. Duniani unakadiriwa kumpata mtu 1 katika kila 100, na kwa ndugu wa damu wa mgonjwa kiwango hicho hupanda hadi karibu 1 katika 10. Hauna kidonge, matibabu yake ni kuacha gluteni maisha yote, na tone nalo huhesabiwa. Kundi la pili ni wenye mzio wa ngano. Hawa huvimba midomo, hutokwa na vipele au hubanwa pumzi muda mfupi baada ya kula, na wanachokikimbia ni ngano yenyewe. Kundi la tatu ni wale waliopimwa wakaonekana hawana siliaki wala mzio, lakini wanasema wakila mkate matumbo yao hayatulii. Ubishi mwingi wa siku hizi umejengwa juu ya kundi hili la tatu.

Sifa iliyopewa ndizi

Historia ya ugonjwa huu inafundisha jambo ambalo mjadala wa leo unalihitaji. Mwaka 1888 Samuel Gee, daktari wa London, alieleza siliaki kwa ufasaha na akatambua kwamba tiba yake imo katika chakula, ila hakujua chakula gani. Mwaka 1924 daktari wa New York, Sidney Haas, alitangaza matibabu ya ndizi: watoto walilishwa ndizi kwa wingi huku wakizuiwa mkate na biskuti. Wengi walinawiri, na kwa miaka mingi iliaminika kwamba ndizi ina nguvu ya kuponya. Baadhi ya watoto hao, wakidhaniwa wamepona, walirudishiwa mkate na kuugua upya.

Aliyefumbua fumbo ni Willem-Karel Dicke, daktari wa watoto wa Uholanzi, ambaye tangu miaka ya 1930 alikuwa akiishuku ngano. Katika majira ya baridi ya 1944 hadi 1945, vita vilipoikatia Uholanzi chakula na mkate ukaadimika, wagonjwa wake wadogo walipata nafuu wakati watu wengine walikuwa wakifa kwa njaa. Mkate uliporudi, ugonjwa ulirudi nao. Tasnifu yake ya mwaka 1950 iliweka wazi kwamba kilichowaponya watoto wa Haas hakikuwa ndani ya ndizi. Kilikuwa ni kile walichonyimwa.

Kosa la Haas lilikuwa na ukweli nusu ndani yake, na ndilo linalorudiwa leo kwa sura nyingine. Mtu akibadilisha mlo, mambo mengi hubadilika kwa mpigo mmoja. Anayetangaza kwamba ameacha gluteni, kwa kweli ameacha maandazi yanayokunywa mafuta, keki, biskuti, mkate mweupe uliopakwa siagi, na mara nyingi soda iliyokuwa ikivisindikiza. Kilo zikipungua, gluteni ndiyo inayobebeshwa lawama peke yake. Hakuna aliyempima mtu huyo kwa kumrudishia gluteni tupu bila sukari na mafuta.

Dai la kwamba kila mtu aache ngano

Dai hili lilipata nguvu kubwa Marekani mwaka 2011, daktari wa moyo William Davis alipochapisha kitabu cha kuilaumu ngano ya kisasa kwa unene na maradhi mengi. Lina mambo mawili ya haki. Kwanza, wagonjwa wengi wa siliaki hawajagunduliwa, hivyo baadhi ya wanaopata nafuu kwa kuacha mkate ni wagonjwa kweli. Pili, ngano inayoliwa mijini kwa sehemu kubwa ni nyeupe, iliyokobolewa, na hupikwa kwa mafuta na sukari nyingi. Kupunguza vyakula hivyo kunamfaa karibu kila mtu.

Lakini ushahidi ukitazamwa kwa makini hauifikishi gluteni mbali. Utafiti uliofanywa Oslo na kuchapishwa 2018 uliwachukua watu 59 wasio na siliaki waliokuwa tayari wameacha gluteni kwa hiari yao. Walipewa kwa zamu vitafunwa vyenye gluteni, vyenye fruktani, na visivyo na chochote kati ya hivyo, bila wao kujua wanakula kipi. Fruktani, aina ya wanga iliyomo ndani ya ngano, ndiyo iliyowasumbua matumbo zaidi. Gluteni haikutofautiana na kile kitafunwa kisicho na kitu. Sasa fruktani imejaa pia katika vitunguu maji na vitunguu saumu. Mtu wa namna hii anaweza kununua unga wa bei ghali mwaka mzima huku kila jioni akila mchuzi uliokaangiwa vitunguu vitatu, asipate nafuu, asijue kwa nini. Kuhusu moyo, utafiti wa Marekani uliochapishwa 2017, uliofuatilia wahudumu wa afya zaidi ya 100,000 kwa miaka 26, haukuona kwamba wasio na siliaki wanaokula gluteni kidogo wanaugua moyo kidogo. Watafiti walionya kwamba kuikimbia gluteni huweza kumwondolea mtu nafaka zisizokobolewa, ambazo moyo unazihitaji.

Wapo watakaopinga: hata kama si gluteni, mimi nikiacha mkate najisikia vizuri, kuna ubaya gani? Ubaya wa kwanza ni mkubwa kuliko mingine. Vipimo vya siliaki, yaani damu kutafutwa kingamwili na kisha kipande kidogo cha utumbo kuchunguzwa kwa hadubini, husoma athari za gluteni mwilini. Aliyeacha ngano miezi mitatu iliyopita huweza kuonekana hana ugonjwa ilhali anao. Mwongozo wa Uingereza unamtaka mtu awe amekula gluteni katika zaidi ya mlo mmoja kila siku kwa angalau wiki sita kabla ya kupimwa, na kumrudisha mtu kwenye chakula kinachomuumiza ili apimwe ni adhabu. Bila jibu la kipimo, mgonjwa wa kweli hulegeza masharti sikukuu ikifika, na watoto na ndugu zake hawapimwi. Ubaya wa pili uko kwenye kibadala. Mwenye kisukari akiacha chapati na kuongeza sahani ya wali mweupe au ugali wa sembe hajajisaidia, kwa maana sukari ya damu haiulizi wanga umetoka kwenye nafaka gani.

Dai la kwamba ni ugonjwa wa Wazungu

Upande wa pili wapo wanaolipuuza jambo lote kuwa ni mtindo wa kuiga. Nao wana msingi. Chakula kikuu cha ukanda huu hakijawahi kuitegemea ngano. Ibn Battuta alipopita pwani hii mwaka 1331 aliandaliwa Mogadishu wali wa samli pamoja na ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa; Mombasa aliwakuta watu wakila ndizi na samaki. Mahindi na muhogo vilikuja baadaye kutoka Amerika, navyo havina gluteni. Isitoshe, mtu hapati siliaki bila vinasaba vinavyouandaa mwili wake, na vinasaba hivyo vimeenea zaidi Ulaya, Afrika Kaskazini na Asia ya Magharibi kuliko kusini mwa Sahara.

Hata hivyo, ushahidi mzito dhidi ya dai hili umetoka Afrika yenyewe. Mwaka 1999 watafiti waliripoti kwamba kati ya watoto wa Wasahrawi wanaoishi kambini Algeria, zaidi ya asilimia 5 wana siliaki, kiwango kinachozidi cha nchi yoyote ya Ulaya. Ni watu ambao mlo wao wa zamani wa maziwa ya ngamia, tende na nyama ulihama ukawa wa mkate wa ngano. Ugonjwa unajulikana vizuri pia kaskazini mwa India. Jamii za Afrika Mashariki zenye nasaba za Uarabuni, Uhindini na Usomalini zipo kwa karne nyingi, na ngano imeingia kila mtaa: chapati, boflo, tambi, maandazi ya asubuhi ya mtoto wa shule. Mtoto anayeharisha na kukonda hapa hutafutiwa kwanza minyoo, utapiamlo, kifua kikuu na VVU, na ni sahihi kuanza huko kwa kuwa ndiko kwenye wengi. Tatizo ni kwamba utafutaji huishia hapo mtoto asipopona. Kutosikika kwa ugonjwa mahali ambapo haupimwi si hoja.

Mikate isiyokandwa

Kwa aliyepimwa akathibitika, swali linahamia jikoni, na hapa kuna njia mbili zinazoshindana. Ya kwanza ni kuuiga mkate wa ngano. Mpishi huchanganya unga wa mchele, wanga wa muhogo na wanga wa viazi, kisha hutia kitu cha kushikanisha badala ya gluteni: gundi ya zanthani, au maganda ya isabgoli yanayouzwa maduka ya dawa kwa wenye choo kigumu. Isabgoli hunyonya maji na kuwa ute mzito unaonasa hewa ya hamira. Donge lake huwa laini kuliko la ngano, karibu na uji mzito, hivyo huokwa ndani ya chombo chenye kingo za kulishika. Njia hii ina thamani ambayo haifai kudharauliwa. Mtoto anataka kufungua kikasha chake shuleni akute mkate uliopakwa siagi ya karanga kama wa wenzake, na kumpa hivyo ni kumheshimu. Lakini inadai oveni, mizani ya gramu, umeme wa uhakika na fedha, na mkate wake hukakamaa kesho yake kwa sababu wanga wa mchele ukipoa hukaza upesi.

Njia ya pili ni kuanza na mapishi ambayo tangu mwanzo hayakuihitaji gluteni, na utajiri wa pwani uko hapa. Mkate wa kumimina wa Unguja ni mfano wa kutosha. Mchele hulowekwa usiku kucha, huchujwa, kisha husagwa na tui zito mpaka kidole kisihisi chenga. Hutiwa sukari, iliki na hamira, na ute wa yai kwa wapendao, ukaachwa ufure hadi mapovu yajitokeze juu. Humiminwa kwenye sufuria ya moto iliyopakwa samli, mkaa kidogo chini na mwingi juu ya kifuniko. Hakuna anayeukanda kwa kuwa hakuna utando wa kujenga. Hewa ya hamira hushikwa na uzito wa tui na yai kwa muda, na moto unaotoka juu huuivisha wanga wa mchele haraka kabla mapovu hayajapasuka; ndiyo maana mkaa wa kifuniko ukiwa hafifu mkate hunywea katikati. Vitumbua hufuata kanuni hiyohiyo, kila kimoja kwenye kishimo chake, ambacho kingo zake hufanya kazi ya gluteni.

Zamani pwani ilikuwa pia na mkate wa mofa, wa unga wa mtama, uliookwa kwenye tanuri la udongo. Jamaa zake wako hai Uhindini na Sudan, na kanuni ya kuutengeneza inafaa kwa yeyote anayetaka chapati ya mtama au uwele: unga hutiwa maji yanayochemka, si ya baridi. Maji ya moto huuivisha wanga nusu, na wanga ulioiva nusu hunata. Donge hukandwa likiwa bado na joto, hukatwa madonge madogo, hutandazwa kwa kiganja au kati ya karatasi mbili za plastiki, na huokwa mara moja kwenye kikaango kikavu. Atakayejaribu kulisukuma liwe pana kama chapati ya kusukuma litampasukia kingo. Ukubwa wa sahani ya kikombe unatosha.

Keki ni rahisi kuliko wengi wanavyohofu, kwa sababu katika keki mayai ndiyo yanayobeba sehemu kubwa ya umbo. Hata mwokaji wa ngano hujizuia kuikoroga sana ili gluteni isikaze. Unga wa mchele uliochanganywa na wanga kidogo wa muhogo hutosha, mradi mchanganyiko uachwe nusu saa kabla ya kuokwa ili chenga zinywe maji na keki isiwe na mchangamchanga mdomoni. Bajia za dengu hazihitaji badiliko lolote. Sambusa inaweza kuipisha kachori ya viazi iliyochovywa kwenye unga wa dengu, na katlesi ikagaragazwa kwenye unga wa mahindi badala ya chenga za mkate. Mahamri ndiyo yanayoshinda. Ule uwazi wa ndani hutokea kwa sababu utando unavutika mvuke unapousukuma, na hakuna unga mwingine unaofanya hivyo. Ni afadhali kumwambia mgonjwa ukweli huu na kumpa vitumbua vizuri kuliko kumpa mahamri mazito ya kumkumbusha alichokipoteza.

Unga unakosagwa

Mpaka hapa mtu anaweza kudhani kwamba anayekula ugali, wali, muhogo na vitumbua yuko salama. Hayuko, na hili halisemwi vya kutosha. Kiwango cha kimataifa cha Codex kinakitambua chakula kuwa hakina gluteni kikiwa na miligramu zisizozidi 20 kwa kilo. Utafiti umeonyesha kwamba miligramu 50 kwa siku, zikiliwa kwa miezi mitatu, hutosha kuudhuru utumbo wa mgonjwa. Slesi moja ya mkate ina gramu mbili hivi za gluteni, kwa hiyo miligramu 50 ni kama sehemu yake ya arobaini: chenga zinazobaki mezani.

Sasa tazama mashine ya mtaani. Jirani amesaga ngano ya kuchanganya kwenye uji wa lishe wa mtoto. Vumbi la unga limebaki kwenye bomba, kwenye mfuko wa kitambaa unaokusanya unga na pembeni mwa chekeche. Anafuata mwenye mahindi yake kilo 10. Tuseme ameokota kijiko kimoja cha unga wa ngano, gramu 10 tu. Takriban sehemu ya kumi ya unga huo ni protini, na sehemu kubwa ya protini hiyo ni gluteni, karibu gramu 0.8. Ikigawanywa katika kilo 10 inakuwa miligramu 80 kwa kilo, mara nne ya kiwango cha Codex, na ugali wa mahindi matupu umegeuka kuwa hatari. Maeneo ya ngano kama Narok, Uasin Gishu na Karatu yana hatari zaidi ya hapo. Dawa zake zipo na si za gharama: kusaga nyumbani kwa blenda au kinu, au kumwomba mwenye mashine atangulize kilo mbili tatu za mahindi ya kuku kabla ya kusaga ya mgonjwa.

Jikoni nako kuna milango mingine. Moto hauiui gluteni, hivyo mihogo iliyokaangwa kwenye mafuta ya maandazi imebeba chenga za maandazi. Mwiko wa mbao na kibao cha kusukumia chapati vina nyufa zisizosafishika. Baadhi ya wapishi hutupia kijiko cha unga wa ngano kwenye vitumbua ili vishikane, na mchuzi wa urojo mara nyingi huzitishwa kwa unga huohuo ingawa bajia na muhogo vilivyomo ndani havina tatizo. Bokoboko ni ngano yenyewe. Sosi ya soya huchachushwa na ngano; soseji hutiwa unga wa mkate; vinywaji vya unga vya watoto vingi vina kimea cha shayiri; bia za kawaida vilevile. Wagonjwa wengi huuvumilia uji wa oti, ila oti nyingi zimechanganyika na ngano shambani au kiwandani.

Kisha kuna sinia. Familia inayokula pamoja kwa mikono, mmoja akimega chapati na kurudisha vidole kwenye wali, haina namna ya kumlinda mgonjwa wake. Lazima atengewe sahani, na katika desturi zetu kutengewa sahani kuna maana nzito; mtoto huhisi ametengwa yeye. Familia zinazofanikiwa ni zile zinazolitoa sinia zima kwenye ngano badala ya kumtoa mtoto kwenye sinia.

Mabadilishano ya lishe

Kuacha ngano kuna hasara zake, na hazifanani na za Ulaya. Kenya na Tanzania zinavitaka viwanda kuongeza madini ya chuma, zinki na asidi foliki kwenye unga wa ngano na wa mahindi. Mgonjwa anayehamia mchele, muhogo na mtama wa kusagwa mtaani anaikosa nyongeza hiyo, wakati yeye ndiye mwenye upungufu wa damu kuliko wote nyumbani. Mahindi nayo huweza kuwa na sumukuvu: mwaka 2004 watu 125 walifariki mashariki mwa Kenya kwa mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu, na mwaka 2016 maafa ya namna hiyo yalizifika Dodoma na Manyara. Muhogo mchungu usiolowekwa ipasavyo umesababisha konzo, ugonjwa wa kupooza miguu, katika vijiji vya Kongo, Msumbiji na Tanzania. Mchele hunyonya aseniki kutoka udongoni kuliko nafaka nyingine, na kuupika kwa maji mengi na kuyamwaga hupunguza sehemu kubwa ya aseniki hiyo, ingawa vitamini nazo hupungua.

Jibu la hatari hizi zote ni moja: kutolala kwenye nafaka moja. Ulezi una kalisi nyingi kuliko nafaka zetu nyingine, na mgonjwa mwenye mifupa dhaifu anaihitaji. Ukioteshwa kimea au kuchachushwa, kama inavyofanywa kwenye togwa, madini yake hufyonzwa kwa urahisi zaidi. Dengu, kunde na choroko huleta protini na foliki. Unga maalumu wa madukani, kwa kulinganisha, mara nyingi ni wanga mtupu wenye protini na nyuzinyuzi chache. Italia huwapa wagonjwa wa siliaki ruzuku ya kila mwezi ya kununulia bidhaa kama hizo, na Uingereza huruhusu mkate na unga kuandikwa na daktari. Kwetu hakuna ruzuku ya aina hiyo, na familia inayojaribu kuishi kwa unga wa pakiti huishia kurudi kwenye ngano mwezi wa pili fedha zikiisha.

Mizani

Zikiwekwa pamoja, hoja hizi hazilingani uzito. Dai la kila mtu kuacha ngano linaangushwa na majaribio yaliyoitenga gluteni na vitu vingine, na lina madhara ya kuwapotosha wagonjwa halisi wasipimwe. Dai la kwamba ni ugonjwa wa Wazungu linaangushwa na watoto wa Wasahrawi. Anayehisi ngano inamsumbua aendelee kuila mpaka apimwe. Akionekana hana siliaki wala mzio, ajaribu kwanza kupunguza vitunguu na vyakula vya mafuta kabla ya kutumia shilingi moja kwenye unga maalumu. Aliyethibitika, asichukue njia ya kuiga mkate wa ngano isipokuwa kwa siku chache zenye maana kwake, kama siku ya kuzaliwa au sikukuu. Siku nyingine zote jiko la mchele, mtama, ulezi, muhogo na dengu linamlisha vizuri zaidi na kwa bei ya sokoni.

Kwa nyumba yenye mgonjwa mmoja na watu sita wasio wagonjwa, utaratibu unaofaa ni kupika chakula cha mchana na cha usiku kisicho na ngano kwa wote, na kuiacha ngano kwa chai ya asubuhi ya wengine, ikiwa mkate ulionunuliwa tayari. Chenga za mkate hufagiliwa na kufutwa. Unga mbichi wa ngano, ukipeperuka jikoni, hutua kwenye kila sufuria iliyo wazi. Kinachobaki kiko nje ya uwezo wa mpishi wa nyumbani. Wapakiaji wa unga wa lishe na wa sembe wanapaswa kuandika kwenye mfuko kama mashine yao husaga ngano pia, na wenye mashine za mtaani wanaweza kutenga asubuhi moja kwa wiki, baada ya kusafisha, ya kusaga mchele, mtama na mahindi peke yake.